Vidonge vya Tumbo na Mtu wa Kisenge

Tumbo linasema uongo! Lishikeni hilo kwanza, ninyi vijana mnaoanza kazi nyuma ya meza za farmasi hapa Kolwezi, kabla hamjajifunza bei ya kitu chochote. Mguu ukivunjika husema nimevunjika. Jino likioza hukuonyesha lilipo. Lakini tumbo! Tumbo lenye njaa na tumbo lenye kidonda hulia kwa sauti moja. Moyo ukiumwa huazima mdomo wa tumbo. Mwanafunzi mwenye hofu ya mtihani atakuapia kwamba amekula sumu. Nimesikiliza matumbo ya mji huu mpaka nimeingia pensheni, na hata sasa nikimsikia mtu njiani akisema "tumbo inaniunguza," ninageuka kama askari aliyeitwa jina lake.

Mume wangu hunivuta mkono. "Acha, Ngoie. Huyu haiko mugonjwa yako."

Ninaacha, lakini baada ya kumwuliza yule mtu maswali mawili.

Mnajua ninachowaonea wivu? Rafu zenu! Juzi nilipita kwenye farmasi moja karibu na soko, nikasimama mbele ya dawa za tumbo kama mtoto mbele ya maandazi. Omeprazole za viwanda vinne, za rangi ya waridi, za zambarau, za nyeupe na bluu. Siku nilipoanza kazi, rafu ya tumbo ilikuwa na bikarbonati ndani ya chupa kubwa, vidonge vya makaa, vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye harufu ya mnanaa, na simetidini chache tulizozificha nyuma. Ndiyo hayo! Omeprazole ilipotufikia kwa mara ya kwanza, nilikifungua kidonge kimoja juu ya karatasi ili nione ndani, nikakuta chembe ndogo za mviringo kama mayai ya samaki. Nilifurahi mpaka nikamwita mteja aje aone. Kila chembe imevaa koti lake ili asidi ya tumbo isiiharibu kabla haijafika inakokwenda! Ndiyo maana hatuitafuni, hatuisagi, na tunaimeza asubuhi kabla ya chakula, nusu saa hivi kabla ya kushika bukari, ugali wetu. Mteja yule alitazama, akaniuliza kama sasa ninamuuzia dawa au samaki.

Niliajiriwa na Mama Kapinga. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi ya migodi, yeye akachagua biashara, na farmasi yake ilikuwa na mlango wa buluu na kiti kimoja tu, chake. Mimi nilitoka Lubumbashi na diploma mpya na wasiwasi wa kutosha watu wanne. Sikuwa mvivu wala mjinga. Nilikuwa mtu anayefikiri kitu, kisha anafikiri kwa nini amekifikiri, kisha anaogopa. Nilisoma jina la dawa kwenye kartoni, nikalisoma tena kwenye chupa, nikampa mteja, nikamkimbilia barabarani ili nilisome mara ya mwisho. Mama Kapinga aliniita Mademoiselle Université, na hakuwa ananisifu.

Wiki yangu ya kwanza alikuja dereva wa lori akitaka vidonge vya kutafuna kwa ajili ya kiungulia. Nikamwambia atafune vizuri, asimeze vizima, anywe maji baadaye. Sawa. Nikamwambia ndani yake mna aluminiamu inayofunga tumbo na magnesiamu inayolilegeza, wamewekwa pamoja wasawazishane kama mume na mke, lakini mmoja akizidi atajua mwenyewe. Sawa. Nikamwambia kama anakunywa doksisiklini au dawa nyingine za kuua vijidudu, aziweke mbali kwa saa mbili au tatu, maana vidonge hivi huzishika dawa nyingine tumboni na kuzitoa nazo bure. Kama ana ugonjwa wa figo aniambie. Kama maumivu yanapanda kwenye bega aniambie. Kama anakonda aniambie. Kama chakula kinakwama kooni aniambie.

Dereva alirudisha vidonge juu ya meza taratibu. "Mademoiselle, nitabakia tu na kiungulia. Yeye iko na masharti kidogo."

Mama Kapinga alicheka mpaka akakiacha kiti chake, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. Lakini sikilizeni: maneno yote yale yalikuwa ya kweli, na mtayahitaji. Kosa langu lilikuwa kuyamimina yote kwa mtu mmoja, kama mvua inayomaliza msimu siku moja. Mpe mtu jambo moja la kufanya na jambo moja la kuogopa. Mengine yaulize, usiyahubiri.

Kuuliza ndiko nilikochelewa kujifunza. Aliyenifundisha alikuwa na mimba ya miezi saba.

Mama huyo kijana alisubiri wateja waondoke, akanong'ona kwamba choo chake kimekuwa cheusi. Cheusi! Ndani ya kichwa changu kengele zote zililia. Chuo kilinifundisha kwamba damu ikivuja juu, tumboni, hupikwa na asidi njiani na kutoka ikiwa nyeusi. Sikuuliza neno la pili. Nilifunga meza, nikatafuta teksi, nikampandisha, nikatuma watu kwao. Ukoo mzima ulihamia lopitalo, hospitalini. Walikuja na godoro, masufuria, mkaa na mchungaji wao, na walianza kuomba kwa sauti pale uani hata kabla daktari hajamwona mgonjwa.

Daktari alimwuliza swali moja tu: "Unakunywa dawa gani?"

Vidonge vya chuma. Alipewa na wakunga kwa ajili ya damu, kama wanavyopewa wajawazito wote. Chuma hugeuza choo kuwa cheusi, nayo makaa hufanya vivyo hivyo, na hakuna ubaya wowote. Mtoto tumboni alikuwa akicheza mpira.

Ukoo ulirudi kwa miguu, na njia ilipita mbele ya mlango wetu wa buluu. Walipita na godoro juu ya kichwa, wakiimba wimbo wa shukrani, na wakaimba polepole zaidi walipotufikia ili nisikie vizuri.

"Mademoiselle," Mama Kapinga akasema, "umefanya batu balilie mutu mwenye hayakufa. Kuanzia leo, hapa tunauzaka dawa. Mambo ya choo, kila mutu na kabine yake. Nikisikia tena neno hilo ku meza yangu, utarudia Lubumbashi na diploma yako mu mukono."

Nikaahidi. Nilikuwa na mama na wadogo zangu waliokula kwa kazi ile.

Sasa njooni kwa Tata Muteba.

Alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya majani, Mlunda, na mdomo wake haukujua kupumzika. Maisha yake yote alifanya kazi Kisenge, mji wa migodi ya manganezi. Kama hamjafika huko, jueni kwamba manganezi ni jiwe jeusi na vumbi lake ni jeusi kuliko masizi. Linaingia kwenye kucha, kwenye mikunjo ya shingo, kwenye mkate. Watu wa Kisenge wa wakati ule walikohoa vyeusi, walipenga vyeusi, na walijivunia jambo hilo kama wanajeshi wanavyojivunia nguo zao. Alipoacha kazi alipanda treni, akapita Kasaji, akaja Kolwezi kukaa kwa binti yake Bea, aliyeuza mboga karibu nasi.

Mgongo wake ulikuwa umelipa gharama ya kupakia mabehewa. Kwa mgongo huo alikunywa diklofenaki, au diklo kama mnavyoiita ninyi, kila siku, na wiki mbaya alidungwa sindano ya dawa hiyohiyo na jirani. Dawa hizo hakuzinunua kwetu. Kwetu alinunua vidonge vya kutafuna tu, na alivitafuna kama karanga, akiwa amesimama palepale mlangoni.

"Hii peremende yenu haiko mubaya," alisema. "Ingekuwa na sukari kidogo, ningefungulia kanisa."

Mnaona alichokuwa akifanya? Kwa mkono mmoja alichoma nyumba, kwa mkono wa pili alimwagia moto kikombe cha maji. Na hapa niwape jambo ambalo mtalirudia mpaka midomo ichoke, maana vijana wa mashimo ya shaba na kobalti wanaingia leo farmasini kwenu na mgongo uleule wakitaka diklo ileile. Wengi watawaambia, "Mi ninadungwa sindano, haifikake mu tumbo." Inafika! Diklo haichubui tumbo kwa kuligusa tu. Ikishaingia kwenye damu hulivua tumbo ute unaolilinda, iwe umeimeza, umedungwa au umeiweka kwa njia nyingine yoyote. Kula kabla ya kuinywa kunapunguza kichefuchefu, hakuondoi hatari. Na ubaya wake mkubwa ni huu: kidonda cha diklo mara nyingi hakiumi. Kinanyamaza, kwa sababu dawa inayokichimba ndiyo hiyohiyo inayotuliza maumivu.

Baada ya mvua kwisha, Tata Muteba alianza kukaa. Mtu aliyekuwa akisimama mlangoni na kuwatania wapita njia sasa alikaa kwenye ngazi yetu na kupumua kwanza. Nilipompa vidonge niliuona ukucha wake. Mweupe. Kiganja chake kilikuwa kama karatasi.

"Tata, uko muzuri?"

"Tumbo imepona, mutoto. Haiumi tena hata kidogo. Ni nguvu tu njo inakosa. Uzee ni kama mukubwa wa kazi, anakujaka bila kupiga hodi."

Haiumi tena. Neno hilo lingemfurahisha mtu yeyote. Mimi lilinikosesha usingizi. Je, kama linavuja? Na kama ni uzee tu? Na kama ni malaria iliyomla damu? Na kama ninataka tu iwe damu, ili siku ile ya mjamzito isiwe bure? Unaweza kumwogopesha mzee kwa sababu ya fahari yako, nilijiambia. Kisha nikajiambia kwamba hata kujituhumu hivyo ni njia ya kutofanya kitu. Ndivyo kichwa changu kilivyofanya kazi, mkiwa na kichwa cha namna hiyo mnanielewa, poleni.

Kulikuwa na swali moja tu lililoweza kunifungulia njia, nalo lilikuwa swali nililokatazwa. Na hata kama Mama Kapinga asingelikataza, ningeliulizaje? Mnajua adabu yetu. Binti hamwulizi baba yake habari za choo. Kumwita mtu tata ni kumweka kwenye kiti cha baba, na kutoka kwenye kiti hicho hawezi kukujibu bila kuvuliwa nguo mbele za watu.

Nilijaribu kuzunguka. "Tata, na... kule nyuma, mambo inaenda?"

"Kule nyuma ya nyumba? Mahindi ya Bea inakauka muzuri, mutoto. Utakuja kuchuma."

Mama Kapinga aliinua jicho moja kutoka kwenye hesabu zake. Nikageukia rafu.

Asubuhi iliyofuata alikuja tena, na safari hii alishika nguzo ya mlango, akashika meza, ndipo akafika. Duka lilikuwa na watu: fundi wa baiskeli, mama wawili wa sokoni, na Bea mwenyewe aliyekuwa amemfuata baba yake kwa sababu hakupenda anavyotembea. Tata Muteba akaitafuta hela mfukoni. Jasho lilikuwa limemkaa juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa ya baridi ile ya Juni inayotufanya sote tuvae makoti.

Nitawaambia kilichonijia, na mpaka leo sijui kilitoka wapi, maana kilinijia kabla sijapata muda wa kukiogopa. Baba haulizwi. Lakini babu? Babu anaulizwa chochote! Kwetu babu na mjukuu ni watu wa mzaha. Mjukuu humnyang'anya babu nyama kwenye sahani, humcheka kwa kuwa kibogoyo, na msichana humwita babu yake bwana, yaani mume, naye humwita bibi, yaani mke, na hakuna anayeona aibu. Kilichohitajika ni kumtoa tu kwenye kile kiti cha baba.

"Nkambo!" nikaita.

Tata Muteba akageuka. "Unaita nani vile?"

"Ninakuita weye, nkambo. Kuanzia leo mi haiko tena mutoto yako. Mi ni mujukulu. Mi ni bibi yako mudogo ya hapa Kolwezi, na bibi iko na haki ya kujua: bwana yake anafanyaka choo ya rangi gani?"

Fundi wa baiskeli alipiga ukelele. Mama mmoja wa sokoni akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanamtetemeka. Bea akasema, "Ngoie, wee!" Sikuthubutu kumtazama Mama Kapinga. Nilimtazama yule mzee tu, na nikaona uso wake ukisita, kisha ukifunguka. Mtu wa mzaha hawezi kuukataa mzaha. Akainua kofia yake.

"Ah, bibi yangu! Mbona ulikawia kuuliza? Bwana yako ni mutu ya Kisenge. Siye batu ya Kisenge tuko beusi mpaka ndani! Choo yangu iko manganezi safi. Wanaweza kuipakia mu wagon, banunuzi batapiga foleni."

Watu wote walicheka. Mimi nilianza kuzunguka meza ili nikatafute teksi.

Lakini safari hii niliuliza! Jamani, niliuliza! "Nkambo, unakunywa vidonge ya damu? Ya chuma?"

"Hapana."

"Makaa?"

"Makaa ni ya kupika."

"Hii manganezi yako inatoka mugumu, inakatika? Ao inashika, inang'aa, kama gudron, ile lami mupya ya barabara?"

"Inashika, bibi. Inang'aa kama kiatu ya gavana. Na harufu yake! Jirani amehamisha kuku."

Walicheka tena, ila Bea sasa aliacha.

"Na Kisenge ulitoka lini?"

"Mbele ya mvua. Mvua ilinikutia hapa."

"Mvua nzima imepita, nkambo. Ule vumbi ulikula Kisenge ulishatoka zamani. Hapa Kolwezi, nani anakulishaka manganezi?"

Sasa hakuna aliyecheka. Tata Muteba aliivua kofia yake, akaitazama ndani. Alikuwa ameliona jibu. Miaka yote alipenga cheusi, akakohoa cheusi, na hakufa, kwa nini basi aogope cheusi kingine? Mtu wa mji mwingine wowote angekimbia siku ya kwanza. Yeye alikipokea kama mgeni kutoka nyumbani.

"Tata," nikasema, maana mzaha ulikuwa umemaliza kazi yake, "ile haiko manganezi. Ile ni damu yako. Iko inavuja mu tumbo. Tuende lopitalo sasa."

"Mi? Lopitalo? Juu ya choo?" Akasimama wima ili anionyeshe kwamba ni mzima, na kule kusimama ndiko kulikomwangusha. Fundi wa baiskeli akamdaka kabla kichwa hakijagonga meza.

Mama Kapinga alikuwa amesimama. Nilijua neno litakalofuata. Nilikuwa tayari nimeshalipanga sanduku langu kichwani, nguo chini, diploma juu.

"Mademoiselle. Uko na hakika?"

"Sina hakika, mama. Niko na woga."

Akanitazama. "Woga ya ile siku haikukuwa na maulizo ndani. Hii iko nayo." Kisha akamgeukia fundi, "Weye, usikae kama picha, ita teksi!" Akaufunga mlango wa buluu mchana kweupe.

Lopitalo walimtoboa kidole, wakatazama, wakaanza kutembea haraka. Mtu akiona wauguzi wanatembea haraka bila kusema, huyo ndiye aombe. Damu ilikuwa imekwisha mno. Bea alijitolea, haikulingana. Yangu haikulingana. Ya Mama Kapinga ililingana! Alilala kwenye kitanda kile na viatu vyake vya sokoni akilalamika kuhusu shuka, na chupa ilipojaa alimwambia mzee aliyekuwa karibu naye, macho nusu wazi: "Sikia, Tata Muteba. Sasa uko na damu ya Kasai mu mwili. Ukienda soko na ukaanza kubishana bei mpaka jioni, usiniulize."

Midomo ya mzee ilicheza kidogo. "Ndiyo maana... ninasikia njaa... ya kuuza kitu."

Siku mbili zilizofuata sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu makosa ambayo huenda niliyafanya. Kwa nini sikuuliza wiki iliyotangulia, nilipouona ukucha? Kwa nini nilimuuzia vidonge vile kila mara, vikafunika moshi huku moto ukiendelea? Daktari alipotoka akasema damu imeacha kuvuja, na shinikizo la damu limerudi mahali pake, nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akasema sasa atamwita mtu wa masikio.

Diklo ilikatazwa, ya kidonge na ya sindano, na kwa mgongo akapewa parasetamoli, kitambaa cha moto na amri ya kutobeba kitu chochote kizito kuliko kofia yake. Akaanzishiwa omeprazole. Na baadaye, alipopata nguvu, walimpa dawa mbili za kuua vijidudu pamoja nayo, kwa sababu wakati huo ndipo habari zilipokuwa zikitufikia, habari zilizonifanya nishindwe kukaa chini! Vidonda vingi vya tumbo vina mdudu ndani yake! Mdudu anayeishi katikati ya asidi, mahali ambapo sote tulifundishwa kwamba hakuna kinachoweza kuishi! Miaka yote tulikuwa tukiwaambia watu wapunguze pilipili na hasira, na kumbe mdudu amekaa mle akitusikiliza. Niliruka ruka nyuma ya meza. Mama Kapinga akaniuliza kama yule mdudu amenihonga.

Shida ni kwamba dawa hizo ni nyingi na chungu, na mtu hupona maumivu kabla mdudu hajafa, kwa hiyo huacha. Msikubali aache! Mdudu aliyejeruhiwa tu hujifunza, na safari ijayo dawa ileile haimtishi. Nilipita kwa Bea asubuhi na jioni kumwona Tata Muteba akimeza. Aliniambia hata mke wake marehemu hakumlinda namna hiyo. Nikamwambia mke wake marehemu hakuwa na diploma.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Duka lilijaa akina mama wa kwaya waliotoka mazoezini, na sare zao za buluu na nyeupe, kila mmoja akitaka kitu cha koo. Mama Kapinga alikuwa kwenye kiti chake, akitabasamu kwa heshima ile anayoiweka kwa ajili ya watu wa kanisa. Mimi nilikuwa nikihesabu peremende za koo. Ndipo kivuli kirefu chenye kofia ya majani kikasimama mlangoni, bila kushika nguzo.

"Bibi!" akapaza sauti, mikono juu, kama mtu aliyeshinda mechi. "Bibi yangu! Leo asubuhi nimeangalia muzuri. Haiko nyeusi! Iko manjano! Manjano kama ya mutoto ya kunyonya!"

Mwanakwaya mmoja akaangusha sarafu na hakuna aliyeinama kuiokota. Mama Kapinga alifunika uso kwa mikono miwili, na kati ya vidole vyake nilisikia sauti ambayo sijui kama ilikuwa sala au kicheko. Na mimi? Mimi niliyekuwa nikiogopa neno hilo kuliko nyoka? Nilizunguka meza, nikamshika mzee mikono yote miwili, nikavitazama viganja vyake, vyekundu, vyekundu kabisa, nikapiga kigelegele! Katikati ya farmasi! Tata Muteba akaanza kucheza, mguu mmoja, mguu wa pili, mgongo kidogo.

"Polepole, nkambo! Mugongo!"

Akina mama walilipa haraka, wakatoka wakisukumana, na nje nikasikia vicheko vyao vikipasuka hadi kona. Duka likabaki tupu, au hivyo nilidhani. Nilipogeuka, mmoja alikuwa bado amesimama mbele ya rafu akijifanya anasoma kartoni ya sabuni. Alikuwa kiongozi wa kwaya, mama mzito, mke wa karani, mtu ambaye sauti yake ilisikika mpaka nje ya kanisa. Alimtazama Mama Kapinga. Mama Kapinga akainuka, akasema anaenda kuona kama maji yamechemka, ingawa hatukuwa na maji motoni.

Yule mama akaisogelea meza. Akainama mpaka kitambaa chake cha kichwa kikanigusa sikio, na ile sauti kubwa ikawa ndogo kama ya mtoto.

"Mademoiselle," akasema, "na mi... tangu mwezi uliopita..."

Duka lile lilikuwa na kiti kimoja tu, cha Mama Kapinga. Nikakitoa nyuma ya meza, nikakizungusha mpaka mbele, nikamkalisha.